Asidi ya Kaboliki na Ujumbe wa Mishipa ya Fahamu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri ya Chama imetutaka tuseme mbele yenu habari za dawa moja ambayo hapana mtu katika chumba hiki asiyeijua harufu yake. Aliyepata kulazwa hospitali ameinusa mlangoni kabla hajaonana na mganga. Aliyefanya kazi ya mifugo ameikuta katika mazizi. Na walio wengi wameishika katika sabuni. Dawa hiyo ni asidi ya kaboliki, ambayo wenye elimu ya dawa huiita fenoli. Sifa yake ya kuua vijidudu ni mashuhuri, wala hatukuja kuipunguza. Lakini ina kazi ya pili isiyojulikana sana, nayo ni kuingilia ujumbe utokao katika mishipa ya fahamu kwenda kwenye misuli. Kazi hiyo ya pili ndiyo tuliyokuja kuieleza, kwa sababu imeua wanyama wengi na watu kadha wa kadha, na mara nyingi imewaua kimyakimya.

Kwanza tuseme asili yake. Mwaka 1834 mtaalamu Mjerumani aitwaye Friedlieb Runge aliitoa katika lami ya makaa ya mawe. Kwa miaka mingi haikuwa na heshima kubwa. Ilitumiwa kuondoa uvundo. Katika mji wa Carlisle, Uingereza, ilitiwa katika maji machafu ya mji yaliyomwagwa mashambani, ikasemwa kwamba harufu mbaya ilikwisha, na tena kwamba ng'ombe waliolishwa katika mashamba yale waliepukana na wadudu wa tumboni. Habari hizo zilimfikia Joseph Lister, mpasuaji wa Glasgow, naye akawaza hivi: ikiwa dawa hii yaweza kuua viumbe vidogo katika taka za mji, kwa nini isivitoe katika kidonda cha mtu?

Tarehe 12 Agosti 1865 aliijaribu kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, jina lake James Greenlees, aliyevunjwa mguu na gurudumu la gari hata mfupa ukatokeza nje. Siku zile jeraha kama lile mara nyingi liliishia kwa kukatwa mguu, au kwa kaburi. Mtoto yule alipona kwa muda wa majuma sita, na mguu wake akabaki nao. Mwaka 1867 Lister alitangaza njia yake katika gazeti la waganga. Hesabu zake mwenyewe zinaonyesha faida: katika watu 35 waliokatwa viungo kabla ya dawa hiyo, 16 walikufa, katika watu 40 waliofuata, baada ya kuanza kuitumia, walikufa 6. Basi mwenye kuitukana kaboliki na akumbuke kwanza hesabu hiyo.

Sasa tuiache dawa kidogo, tutazame mwili wa mnyama, maana hatuwezi kuelewa jinsi njia inavyoharibika kabla hatujaijua njia yenyewe.

Mnyama anapotaka kuinua mguu, amri hutoka katika ubongo, hupita katika uti wa mgongo, kisha hufuata mshipa wa fahamu mpaka kwenye msuli. Zamani watu walidhani kwamba mshipa wa fahamu na msuli ni kitu kimoja kilichoungana, kama kamba na mzigo. Mwaka 1791 Luigi Galvani wa Bologna alieleza jinsi mguu wa chura aliyekufa unavyoruka ukiguswa kwa umeme, watu wakaanza kufahamu kwamba amri hiyo ni ya namna ya umeme. Katika miaka ya 1850 na kitu, Mfaransa Claude Bernard alimpa chura sumu ya mishale ya Wahindi wa Amerika ya Kusini, iitwayo kyurare. Alipougusa mshipa wa fahamu kwa umeme, msuli haukutikisika. Alipougusa msuli wenyewe, ulijikunja vizuri. Basi mshipa ulikuwa mzima, na msuli ulikuwa mzima, lakini habari haikufika. Kwa hiyo iko mahali fulani kati ya viwili hivyo ambapo ujumbe unaweza kuzuiwa.

Mahali hapo ni mwanya mwembamba mno. Ukichukua milimita moja na kuigawa sehemu ishirini elfu, sehemu moja ndiyo kadiri ya upana wake. Umeme wa mshipa wa fahamu hauvuki mwanya huo. Unapofika kwenye ncha, chembe za kalisiamu huingia ndani ya ncha, na ncha humwaga maji ya dawa yake yenyewe, iitwayo asetilikolini. Dawa hiyo ndiyo inayovuka, ikafika kwenye msuli, ikafungua milango midogo iliyoko huko, na msuli ukajikunja. Kisha kiko kimeng'enya kinachoivunja mara moja, ili msuli upumzike na kungoja amri nyingine. Sisi makarani tungeweza kusema hivi: simu huja mpaka ukingo wa mto, hapo hugeuzwa barua, barua huvushwa kwa mtumbwi, na ikiisha kusomwa ng'ambo huchanwa, isije ikasomwa mara mbili.

Wa kwanza kuthibitisha kwamba mishipa ya fahamu hutumia dawa kupeleka habari alikuwa Otto Loewi, mwaka 1921, kwa mioyo ya vyura. Mwaka 1936 Henry Dale pamoja na Wilhelm Feldberg na Marthe Vogt walionyesha kwamba katika misuli ya mwendo dawa hiyo ni asetilikolini, na mwaka huo huo Dale na Loewi walipewa Tuzo ya Nobel. Baadaye, katika miaka ya 1950, Bernard Katz na wenziwe waligundua kwamba ncha haimwagi asetilikolini kama maji ya mfereji, ila huitoa kwa vifuko vidogo vidogo, kila kifuko kikiwa na chembe elfu kadha wa kadha. Hata mnyama akitulia, kifuko kimoja kimoja hupasuka chenyewe bila amri. Lakini kifuko kimoja hakitoshi kutikisa msuli. Amri ikija, vifuko vingi hupasuka pamoja, na hapo mguu huinuka. Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba, na kumbe mwili wa chura ulikuwa ukiifuata methali hiyo tangu zamani.

Sasa na turudi kwenye kaboliki.

Waganga wa karne ya kumi na tisa waliona kwamba mnyama aliyelishwa fenoli, au aliyepakwa kwa wingi, huanza kutetemeka. Kwanza misuli midogo hucheza chini ya ngozi. Kisha mwili wote hushikwa na mitukutiko. Kisha hulegea, pumzi hupungua, na mwishowe hufa. Ajabu yake ni kwamba dawa moja huleta mambo mawili yaliyo kinyume: kwanza msuli hutikisika kupita kiasi, baadaye haujibu kabisa. Mtu angeweza kudhani kwamba ni dawa mbili.

Sehemu ya mitukutiko hiyo hutoka katika uti wa mgongo wenyewe, maana fenoli huuchochea. Lakini sehemu nyingine hutoka pale pale mwanyani. Mwaka 1949 wataalamu Mogey na Young walichapisha habari ya vitu vya ukoo wa fenoli, kwamba vinapingana na kazi ya kyurare: msuli uliolegezwa na sumu ya mishale huweza kupata tena sehemu ya nguvu zake. Mwaka 1963 Otsuka na Nonomura walieleza sababu. Fenoli na ndugu yake katekoli hufanya kazi yao katika ncha ya mshipa wa fahamu, na kuifanya ncha imwage asetilikolini zaidi kwa kila amri moja. Yaani amri iliyokuwa ya kunong'ona hufika ng'ambo kama ukelele. Kwa mfano wetu wa mto, bwana barua ameagizwa kuvusha mtumbwi mmoja, naye amevusha mitatu.

Hayo hutokea dawa ikiwa kidogo. Ikizidi, mambo hugeuka. Fenoli nyingi huingia katika mafuta ya ngozi nyembamba inayouzunguka mshipa wa fahamu, ikauzuia umeme usipite. Ikizidi tena, huigandisha protini ya mshipa, kama moto unavyoligandisha yai, na mshipa ule hufa. Waganga waliligeuza jambo hilo kuwa msaada. Mwaka 1955 Robert Maher wa Uingereza alieleza jinsi ya kuweka fenoli karibu na mizizi ya mishipa ya fahamu ya mgongoni, ili kuwaondolea maumivu wagonjwa wa saratani wasiokuwa na tumaini la kupona. Na watu ambao misuli yao imekakamaa baada ya ubongo kuumia hupigwa sindano ya fenoli ya kadiri ya 5 au 6 kwa mia kwenye mshipa wa fahamu, ili ule msuli uliokakamaa upate kulegea. Tazameni basi: dawa ile ile, mkononi mwa mwenye kipimo, ni rehema.

Twaomba msikilize vizuri neno linalofuata, maana ndilo kubwa katika hotuba hii.

Mishipa ya fahamu haipeleki amri tu. Mingine huleta habari, na habari iliyo kubwa kuliko zote ni maumivu. Moto ukitugusa twaondoa mkono kabla hatujafikiri. Fenoli ikimwagika juu ya ngozi huunguza, lakini papo hapo huzifisha ganzi ncha za mishipa ya fahamu. Ngozi huwa nyeupe, mtu huona joto kidogo au mchonyoto, kisha haoni kitu. Hudhani kwamba amepona. Kumbe dawa yaendelea kula nyama, na tena yapita katika ngozi kuingia katika damu. Zamani watu waliokatika vidole walivifunga vitambaa vilivyolowekwa maji ya kaboliki hafifu, wakaviacha usiku kucha. Asubuhi wengine waliona kidole kimekuwa cheusi, kimekufa, na hapana maumivu yaliyowaamsha. Adui aingiaye nyumbani akamnyamazisha mbwa kwanza ni adui wa hatari kuliko yule anayebisha hodi.

Na ikiwa ndivyo kwa mtu mwenye kinywa cha kusema, itakuwaje kwa mnyama? Paka ana shida zaidi ya wengine. Ini la mtu hufunga fenoli kwa sukari ya namna fulani na kuitoa katika mkojo; ini la paka lina upungufu mkubwa wa kimeng'enya cha kazi hiyo. Kwa hiyo kiasi ambacho mbwa angekivumilia huweza kumwua paka. Na paka ana desturi ya kujisafisha kwa ulimi. Atembeapo juu ya sakafu iliyopigwa deki kwa dawa ya ukoo huu nayo haijakauka, huichukua nyayoni, akaketi mahali pake na kujilamba. Baadaye mate humtoka, huyumba, misuli humtetemeka, na mwenye nyumba husema amerogwa, au amelishwa sumu na jirani. Sumu aliitia ndoo mwenye nyumba mwenyewe, kwa nia njema.

Labda mtu atasema: kaboliki ya Lister imepitwa na wakati, sasa ziko dawa nyingine. Ni kweli kwa sehemu. Lister mwenyewe aliuacha ule mvuke wa kaboliki aliokuwa akiurusha hewani, na mwaka 1890 alisema mbele ya waganga huko Berlin kwamba aona haya kuwa alipata kuupendekeza. Lakini jamaa za fenoli zi hai. Kresoli ni ndugu yake. Kloroksilenoli, iliyomo katika Dettol, ni ndugu yake. Na triklosani, iliyotiwa kwa miaka mingi katika sabuni na dawa za meno, ni wa ukoo huo pia. Ndugu hawalingani kwa ukali, lakini damu ni moja.

Habari ya triklosani yafaa kusemwa. Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California huko Davis walichapisha uchunguzi wao juu ya panya na samaki wadogo. Panya waliopigwa sindano ya triklosani walipungukiwa na nguvu za kushika kwa miguu yao kadiri ya 18 kwa mia, na nguvu za moyo wao kusukuma damu zilipungua kwa kiasi kinachofika kadiri ya 25 kwa mia. Samaki waliokaa siku saba katika maji yenye dawa hiyo waliogelea kwa unyonge. Hapa mwanya wenyewe si ndio ulioharibika. Kasoro iko ng'ambo ya pili. Barua imefika na imesomwa, lakini ndani ya msuli ile kalisiamu inayopaswa kufunguliwa ili msuli ujikunje haifunguliwi kwa taratibu yake. Hatusemi kwamba mtu anayenawa mikono kwa sabuni ya namna hiyo atadhoofika kama panya aliyepigwa sindano. Hilo halikuthibitishwa, wala si haki kuwatisha watu. Lakini mwaka 2016 serikali ya Marekani ilitoa amri ya kuiondoa triklosani katika sabuni za watu wote za kunawia, kwa sababu waliozitengeneza hawakuweza kuonyesha kwamba ni salama kwa kutumiwa kila siku, wala kwamba zashinda sabuni ya kawaida na maji.

Bwana Mwenyekiti, kwa nini tumeyaleta haya katika mkutano wa watumishi, na si katika darasa la waganga? Kwa sababu mganga huandika, na mtumishi ndiye anayemimina. Aliyeko mbele ya ndoo ni mfagiaji, au mchungaji, au mtumishi wa wodi. Mara nyingi maandiko ya chupa ni ya lugha asiyoisoma, na kipimo alichopewa ni jicho lake. Naye hufikiri, kama tungefikiri sisi sote, kwamba dawa ikiwa kali zaidi ndipo itakapofaa zaidi. Tumekwisha kuona kwamba sivyo. Kati ya kidogo kinachoua kijidudu, na kingi kinachouvuruga mshipa wa fahamu, na kingi zaidi kinachouua, hapana kitu ila kipimo. Asiyepewa kipimo amenyimwa ngao, na hapana haki kumlaumu atakapojeruhiwa.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mambo manne, nanyi myapime.

La kwanza, kila mahali panapotumika dawa za ukoo huu, pawe na kikombe cha kupimia, na hesabu ya maji na dawa iandikwe kwa Kiswahili ukutani juu ya ndoo. Jambo hili halina gharama. Kikaratasi na wino vyatosha.

La pili, mwenye kumimina dawa isiyotiwa maji apewe glavu zisizopenyeka na kinga ya macho. Akimwagikiwa, asingoje maumivu, maana tumesema kwamba huenda yasije. Avue nguo zilizolowa mara moja, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu, si kwa kitambaa kilicholoweshwa. Kisha apelekwe hospitali, hata akisema hajambo.

La tatu, dawa hizi zisipakwe mnyama kwa kukisia, wala paka zisipakwe kabisa. Kidonda cha mnyama kioshwe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, na mganga wa mifugo aulizwe. Sakafu iliyopigwa deki ikauke kwanza, ndipo mnyama na mtoto atambaaye waruhusiwe kupita.

La nne, dawa isihamishwe kutoka chupa yake na kutiwa katika chupa ya soda au ya mafuta ya kupikia. Chupa isiyo na jina ni kama barua isiyo na anwani: hapana ajuaye itafika kwa nani.

Tumesema habari za vyura, panya na paka, na huenda baadhi yenu mmeona kwamba ni mambo madogo kwa watu wazima. Lakini mkono wa mfagiaji na mguu wa chura huinuliwa kwa njia moja, kwa asetilikolini ile ile, katika mwanya wa upana ule ule. Viumbe waliopimwa katika maabara za Ulaya na Amerika wametulipia elimu hii kwa miili yao. Tukiiacha vitabuni, na aliye mbele ya ndoo asiisikie, tutakuwa tumeipoteza gharama yao na kumwacha mwenzetu ailipe mara ya pili.

 Wenye maswali na waulize, khasa wale wanaozishika dawa hizi kila siku, maana wao wana mengi ya kutufundisha.